Namna ya Kumwonyesha Singin' in the Rain Mtu Asiyependa Filamu za Nyimbo

Usimwonyeshe kipande cha mvua. Najua ndicho ulichopanga, kwa sababu ndicho kila mtu anachokijua: jamaa wa suti na kofia, nguzo ya taa, mwavuli uliofungwa, maji mpaka kwenye soksi. Ukimfungulia mtu kipande hicho peke yake kwenye simu, ataona mwanamume mzima akichezea madimbwi bila sababu, atatabasamu kwa adabu, kisha atakurudishia simu yako. Umeshampoteza.

Nimewatazamisha wengi filamu hii, na mgumu kuliko wote alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye kwake filamu ni bunduki na magari. Hoja yake ilikuwa moja tu: "Shemeji, watu wanazungumza vizuri, mara wanaanza kuimba. Nani anafanya hivyo?" Hoja si ya kijinga hata kidogo. Tena filamu yenyewe inaijibu, ila jibu linachukua zaidi ya saa nzima kujijenga, na ndiyo maana mtu lazima aanzie mwanzo kabisa.

Kabla ya kuwasha

Filamu ina dakika 103, kwa hiyo usiianze usiku wa manane mgeni wako akiwa ameshaanza kupiga miayo. Ilitoka mwaka 1952, mwaka mmoja kabla Hollywood haijaanza kutanua picha zake kwa CinemaScope, hivyo umbo lake linakaribia mraba. Kwenye runinga za leo utaona weusi kushoto na kulia. Uache. Daima yuko mtu mmoja sebuleni atakayeomba rimoti "ajaze kioo", na akishakijaza Gene Kelly anageuka mtu mfupi mnene. Au mbaya zaidi, picha inakuzwa na miguu inakatwa, na filamu ya dansi isiyo na miguu ni heri usikilize redio. Ukiwa bado kwenye mipangilio, zima na kile kinacholainisha mwendo wa picha.

Maandishi ya tafsiri yawashe, maana utani unakwenda mbio na hata mjuzi wa Kiingereza anaweza kuupoteza. Lakini maandishi hayo hukaa chini ya picha, palepale vilipo viatu. Mimi hukaa na rimoti mkononi na kuyazima kila dansi inapoanza. Ni usumbufu, ila unalipa.

Mgeni mwambie mambo mawili tu. Kwanza, tuko Hollywood mwaka 1927 na filamu bado ni bubu. Pili, studio moja inakaribia kupata mshtuko. Basi. Kuhusu Lina Lamont, staa wa kike wa studio hiyo, usimwambie lolote, na kuhusu sauti yake ndio kabisa.

Mfundishe kutoyaamini masikio

Filamu inafunguka usiku wa uzinduzi, umati umejaa nje ya ukumbi, magari ya kifahari yanawasili. Staa Don Lockwood, ambaye ni Gene Kelly, anahojiwa redioni kuhusu maisha yake. Kwa sauti ya mtu aliyelelewa kwa raha anasimulia jinsi wazazi walivyompeleka kwenye tamthilia za wakubwa na vyuo vya muziki, na kwamba siku zote ameishi kwa heshima na hadhi. Anavyosema hivyo, macho yanaona kingine kabisa: watoto wawili wanacheza dansi kwenye ukumbi wa pool ili watupiwe senti, wanajipenyeza sinema bila tiketi, wanapiga muziki baa, wanakua na kuzomewa kwenye majukwaa ya miji midogo.

Mwache mgeni wako acheke mwenyewe hapo, usimfafanulie. Ameshapewa ufunguo wa filamu nzima. Karibu kila kichekesho kikubwa kinachofuata kinatoka kwenye pengo hilohilo: sikio linaambiwa hivi, jicho linaona vile. Hadithi inahusu studio inayolazimika kuifanya filamu bubu iseme, yaani kulioanisha sikio na jicho kwa nguvu, na kila mahali panapoachia ndipo unapocheka.

Sasa mtazame Lina wakati wa uzinduzi. Mrembo, nywele za dhahabu, anapunga mkono, anatabasamu, na kila akitaka kufungua kinywa Don anawahi kusema. Ukiwa unaijua filamu utaona jinsi jambo hilo lilivyopangwa kwa uangalifu. Mgeni wako hataona kitu, mpaka nyuma ya pazia Lina anaposema sentensi yake ya kwanza na sauti inatoka kama bawaba isiyotiwa mafuta. Shemeji yangu alikuwa ameegemea kiti akichezea simu. Aliposikia sauti ile akainua kichwa, akauliza, "Huyu ndiye?" Kuanzia hapo sikuiona simu tena.

Nyimbo zinatembea, fuatilia zinakoelekea

Nirudi kwenye hoja ya shemeji. Tazama wapi nyimbo zinaimbiwa, kwa mpangilio wake. Wimbo wa kwanza unaimbwa jukwaani, na Don na rafiki yake Cosmo wakiwa wamevaa suti za miraba na vinanda vya fidla mkononi: hiyo ni kazi yao, wamelipwa. Wa pili unaimbwa kwenye karamu na wasichana waliokodiwa kuburudisha wageni. Wa tatu Cosmo anaimba ndani ya studio, kumchangamsha rafiki yake aliyenyong'onyea. Halafu Don anampeleka Kathy Selden, msichana anayempenda, kwenye studio tupu, na hapo pananigusa zaidi kuliko pengine pote: anamwambia waziwazi kwamba hawezi kusema ya moyoni bila mandhari ya kufaa, kisha anaanza kuwasha mitambo mmoja mmoja mbele ya macho yetu. Taa ya mbalamwezi. Ukungu. Feni ya kuleta upepo. Msichana anapandishwa kwenye ngazi ya mafundi, hiyo ndiyo roshani yake. Tumeonyeshwa kila kitu kilivyo cha bandia, na bado tunaamini.

Baada ya hapo wimbo unahamia kwenye darasa la matamshi, kisha nyumbani kwa Don, sebuleni na jikoni, usiku ukielekea asubuhi. Ndipo unatoka nje, mtaani, kwenye mvua. Umeona? Tumetolewa jukwaani hatua kwa hatua mpaka barabarani, na kufikia hapo hakuna anayeuliza mbona huyu anaimba. Ukianza na mvua umeziruka hatua zote hizo, ndiyo maana kipande kile peke yake hakimshawishi mtu.

Jambo jingine la kumdokeza, ukipata nafasi: karibu nyimbo zote hizi zilikuwa zilipendwa tayari mwaka 1952. Mtayarishaji Arthur Freed wa MGM, studio iliyotengeneza filamu hii, alikuwa mtunzi wa mashairi kabla hajawa bosi, na yeye na Nacio Herb Brown, aliyetunga muziki, walikuwa na rundo la nyimbo za mwishoni mwa miaka ya 1920 na za miaka ya 1930. Wimbo wenyewe wa mvua ulisikika kwenye filamu ya 1929. Waandishi Betty Comden na Adolph Green walipewa rundo hilo na kuambiwa watunge hadithi ya kulibeba. Kwa kuwa nyimbo ni za enzi ya kuzaliwa kwa filamu zenye sauti, wakaamua hadithi nayo iwe ya enzi hiyohiyo. Amri ya bosi anayetaka nyimbo zake zitumike tena ikazaa hadithi iliyoshonana kuliko nyingi zilizoanza na wazo tukufu.

Maikrofoni, tazama kwa karibu

Ukiwa na nafasi ya kusimamisha picha mara moja tu, isimamishe kwenye siku ya kwanza ya kurekodi sauti. Mwongozaji amefungiwa kwenye kibanda cha vioo akitoa jasho. Maikrofoni imefichwa kichakani mbele ya Lina. Lina anaongea akigeuza kichwa kushoto na kulia, kama alivyozoea enzi za filamu bubu, na sauti inaingia na kutoka: neno moja linasikika, mawili yamepotea. Wanamhamishia maikrofoni kifuani, wanaishona ndani ya nguo. Mafundi wanavaa vyombo vya masikioni na kusikia mdundo wa ajabu. Ni moyo wake. Wanaihamisha tena, begani, waya unateremka mgongoni mpaka sakafuni. Bosi wa studio anaingia, anaona waya sakafuni, anaudhika kwamba ni hatari kwa wapita njia, anauvuta. Lina anakwenda miguu juu.

Shida hizi studio za Hollywood zilizipata kweli sauti ilipoingia. Kamera ziliunguruma, zikafungiwa kwenye vibanda. Maikrofoni hazikusogezwa, waigizaji wakalazimika kusogea karibu na vyungu vya maua. Kichekesho kimejengwa juu ya maumivu halisi ya watu wa kazi, na mtu yeyote aliyewahi kuletewa mtambo mpya kazini na kuambiwa autumie leo leo atacheka kwa uchungu.

Onyesho la majaribio linalofuata ndilo linalowamaliza watu. Mkufu wa lulu wa Lina unanguruma kuliko maneno, kisha sauti inateleza na kuachana na picha, mpaka mwanamke anakubali kwa sauti ya mwanamume na mwanamume anakataa kwa sauti ya mwanamke. Hapo mimi huwa nageuka nimtazame mgeni badala ya kioo.

Mastaa, mmoja mmoja

Gene Kelly utamsikia akilinganishwa na Fred Astaire, mchezaji dansi mwingine mkubwa wa filamu, na mabishano hayo hayaishi. Njia rahisi ya kumwonyesha mtu tofauti ni kutazama uzito. Astaire anacheza kana kwamba sakafu haimhusu. Kelly anaitaka sakafu: magoti yamekunjwa, mabega mapana, paja la mwanamichezo, anatua na unasikia ametua. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1912, na alitaka dansi ionekane kazi ya mwanamume wa kawaida aliyevaa nguo za kawaida. Filamu hii aliiongoza pamoja na Stanley Donen huku akiwa mbele ya kamera, na kwa wenzake alikuwa mkali.

Debbie Reynolds, ambaye ni Kathy, aliujua ukali huo. Alikuwa na miaka 19 na alitokea kwenye jimnastiki, hakuwa mchezaji dansi. Akawekwa kati ya wanaume wawili waliocheza tangu utotoni. Fred Astaire ndiye aliyemkuta akilia chini ya piano studioni, akamchukua akaone jinsi yeye mwenyewe anavyofanya mazoezi na kutoka jasho. Dansi ya asubuhi ile ya watu watatu, inayopanda ngazi na kumalizikia kwa kupindua sofa, iliwachukua siku nzima mpaka usiku, na miguu yake ikatoka damu. Baadaye alisema filamu hii na kuzaa ndivyo vitu vigumu kuliko vyote maishani mwake. Sasa itazame dansi hiyo ukijua hayo, umtazame usoni. Hutaona lolote. Tazama pia kwamba kamera inawaacha wote watatu kwenye picha moja kwa muda mrefu, kichwa mpaka viatu. Akikosea mmoja wanarudia wote.

Donald O'Connor, ambaye ni Cosmo, ndiye mgeni wako atakayempenda haraka. Alizaliwa kwenye familia ya wasanii wa jukwaani na mwili wake unafanya asichoombwa. Wimbo wake wa kuchekesha watu ni mfululizo wa kuanguka: anagongwa na ubao, anapigana mieleka na mwanasesere asiye na kichwa, anapanda ukuta kwa mbio na kupinduka nyuma, anapanda wa pili na kupinduka tena, wa tatu anautoboa. Alikuwa mvutaji wa sigara kupindukia, na baada ya kupigwa picha alilazimika kulala kitandani kupumzika. Kwa alivyosimulia mwenyewe, aliporudi akaambiwa filamu imeharibika, aanze upya. Akaanza upya.

Jean Hagen, ambaye ni Lina, nimemwacha mwisho kwa sababu ninampendelea. Wengine wanacheza dansi. Yeye kazi yake ni kuwa mbovu kwa ustadi, bila kuteleza hata mara moja, na ndiye pekee kati yao aliyetajwa kugombea Oscar kwa filamu hii. Sauti ile si yake. Msikilize kwenye The Asphalt Jungle ya 1950, anaongea kama mtu yeyote. Na muulize mgeni wako swali hili filamu ikiisha: Lina ana kosa gani hasa? Amedanganywa na magazeti kwamba Don anampenda, sauti yake imechekwa na ukumbi mzima, na anayedaiwa kuwa mjinga ndiye pekee aliyesoma mkataba wake vizuri kiasi cha kumbana bosi. Mimi na dada yangu tunasimama upande wa Lina. Shemeji hakubali mpaka leo.

Sasa mvua

Itakapofika, nyamaza. Maelezo yote yatoe kesho yake, na haya ndiyo ya kutoa.

Kelly alikuwa na homa kali, karibu nyuzi 39 na nusu za Selsiasi. Mtaa ule ulikuwa seti ya nje ya MGM, na picha zilipigwa mchana chini ya maturubai meusi ili ionekane usiku. Watu wanapenda kusimulia kwamba maji yalichanganywa na maziwa ili yaonekane kwenye kamera. Si kweli, mafundi waliweka taa nyuma ya mvua, matone yakang'aa yenyewe. Madimbwi yalichimbwa makusudi pale hasa miguu ilipotakiwa kutua. Na vile vishindo vya viatu unavyovisikia vilirekodiwa baadaye, vikapachikwa. Filamu inayocheka sauti za kupachikwa imepachikwa sauti kwenye dakika zake tukufu kuliko zote.

Ukiirudia, angalia mwavuli tu. Anaufunga mapema, wakati mvua ndiyo kwanza imekolea, na kuanzia hapo haukingi kitu tena: ni gitaa, ni mwenzi wa dansi, ni fimbo ya kukwaruza chuma za uzio, mpaka anapompa mpita njia anayeuhitaji. Halafu rudia uangalie kamera peke yake. Inakaa chini naye mpaka anapoingia katikati ya barabara na kuzunguka na mwavuli mikono imenyooshwa, ndipo inapaa juu.

Pale mgeni anapochoka

Kuna mchezo mrefu wa dansi karibu na mwisho, wa dakika kama 13, ambao hadithi haiuhitaji. Nasema hivyo nikiwa mpenzi wa filamu hii. Mwambie mgeni mapema kwamba unakuja na kwamba hatapoteza uzi akienda kujinyoosha, ila awe amerudi anapotokea mchezaji dansi Cyd Charisse na gauni la kijani, mguu mmoja mrefu umeinuliwa na kofia ya Kelly inaning'inia kwenye ncha ya kiatu. Charisse hasemi neno hata moja filamu nzima.

Nani aliimba, hasa?

Hii ihifadhi kwa ajili ya baadaye, ndiyo inayomrudisha mtu aitazame tena. Kwenye hadithi, Kathy anamwazima Lina sauti yake kwa siri, na siri hiyo ndiyo inayoleta mwisho wote. Lakini wimbo wa polepole tunaomwona Debbie Reynolds akimrekodia Lina uliimbwa na mwimbaji mwingine, Betty Noyes, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Na yale maneno ya kusema, ya kiungwana na matamshi mazuri, ambayo tunaambiwa ni Kathy akimsemea Lina? Ni sauti halisi ya Jean Hagen. Yaani Hagen anamsemea Reynolds anayejifanya kumsemea Hagen. Nilipomweleza shemeji alichukua rimoti mwenyewe kurudisha nyuma.

Ukimaliza, mpeleke wapi

Inategemea alimfuata nani kwa macho. Aliyempenda Kelly mpe On the Town ya 1949, wanamaji watatu na siku moja New York, ambako baadhi ya picha zilipigwa mitaani kwelikweli. Aliyeamka kwa gauni la kijani mpe The Band Wagon ya 1953: Charisse tena, safari hii akiwa na Astaire, na waandishi ni walewale Comden na Green. Ikiwa amekolea kabisa, rudini mpaka 1935 mtazame Top Hat, Astaire na Ginger Rogers, na mkifika kwenye dansi ya gauni la manyoya ya mbuni mwambie akodoe macho: manyoya yanaonekana yakidondoka sakafuni. Astaire yalimuudhi sana wakati wa kupiga picha, na Rogers hakukubali kulivua.

Na yeyote atakayeomba mwendelee usiku huohuo, mkatalie. Kesho.